Bati Lililokuwa Likilia

Nilitoka Wundanyi jua halijachomoza, nikiendesha gari la marehemu baba, salun ya Kifaransa inayonizidi umri kidogo. Nikashuka milima hadi Mwatate, nikapita Voi, nikaingia barabara kuu na malori ya makontena mbele na nyuma. Mtito Andei, Kibwezi, Emali. Jua kali njia nzima, na mshale wa joto haukusogea. Kasoro ilikuwa moja tu: gasketi ya eksozi ilikuwa imeanza kupuliza.

Nilikuwa nakwenda kumchukua mama. Baada ya msiba, dada yangu alimchukua akae kwenye fleti yake Mowlem, Nairobi, ghorofa ya nne, ambako mama hakuwa hata na kopo la udongo. Alitaka kurudi kwake kabla ya mvua za vuli apande mahindi, na alitaka kurudi kwa gari la mumewe. Alipokwenda alipanda basi, akalia hadi Nairobi. Basi hakutaka kuliona tena.

Nilidhani nitalala usiku mmoja niondoke naye. Shemeji akanionyesha fundi mmoja Kariobangi. Nikamwachia gari nikiwa nimesema waziwazi: badilisha gasketi, basi. Niliporudi jioni alifungua boneti kama mtu anayenifunulia zawadi. Kile chuma kizito cha kutolea moshi kilikuwa kimeng'olewa. Mahali pake palikuwa na mabomba manne membamba, yaliyopinda na kuungana chini, kama ya magari ya mashindano. Gereji huyaita heda.

"Sasa itavuta vibaya sana, boss," alijisifu.

Nilimuuliza nani alimtuma. Akasema chuma cha zamani kilikuwa na ufa. Nikataka kuuona huo ufa. Kumbe chuma kilikuwa kimeshapelekwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, pamoja na bati lililokuwa kati ya eksozi na kabureta. Na bati je, lilimkosea nini?

"Hiyo ilikuwa inapiga kelele tu."

Baba alikuwa akilikaza bati lile kwa mkono wake kila lilipoanza kulia. Nilikimbia hadi kwa wale wanunuzi, wakanielekeza kwenye tanuri walikouza mzigo wao. Vijana wa pale walinionyesha chuma chekundu kikimiminwa kwenye kalibu, wakaniambia nichague changu.

Chuma kinene hutunza joto lake. Bomba jembamba hulitema lote nje, na bila bati joto hilo humwagikia kabureta. Jumamosi tulipoondoka, tulikwama kwenye foleni ya barabara ya Outer Ring karibu na Donholm. Petroli ikachemka ndani ya kabureta kama chai, injini ikazimika, nyuma honi na matusi. Jioni mama akapanda tena ngazi za ghorofa nne, na mimi nyuma yake na begi.

Nikarudi kwa fundi. Akatoa themostati, kile kilango cha maji ya kupoza injini, akasema hapa si Ulaya. Akafunga pampu ya petroli kwa kitambaa chenye maji. Akainua boneti kwa washa mbili, vipete vya chuma, upande wa kioo. Kila mara tulijaribu, na kila mara mama alifungasha na kufungua begi lile. Alikuja gereji siku moja, fundi akamchekea: "Shosh, gari ya mzee wako sasa ina nguvu."

"Nguvu za kwenda wapi? Haijapita Donholm."

Mvua zikaanza. Asubuhi moja nilimkuta fundi ameshika grainda, amechora mistari ya chaki juu ya boneti ya baba. Alitaka kuikata matundu.

"Boss, gari lazima ipumue."

"Ukigusa hiyo rangi," nikamwambia, "hutapumua wewe."

Ugonjwa wetu ni huo. Kitu tusichokijua kazi yake tunakitoa, kisha tunachana kizima kuziba pengo la tulichotoa. Hasira hiyo ninayo hadi leo.

Nikafanya mwenyewe, na kazi ikala wiki kadhaa. Nilikata kipimo kwa kadibodi, nikanunua bati la alumini kwa wafua sufuria, nikakunja mabati mawili yenye nafasi ya kidole katikati ili hewa ipite. Nikakaza kwenye matundu yaleyale ya zamani. Chini ya kabureta nikaweka kipande cha mbao ngumu, bomba la petroli nikalisogeza mbali na heda, themostati nikarudisha mpya. Fundi aliniuzia skrubu na ushauri. Mchana wa jua nikaenda kukaa makusudi kwenye foleni ileile. Injini ikanguruma bila kukohoa.

Siku ya kuondoka fundi alikuja Mowlem kutuaga. Aliinama akatazama ndani ya boneti, akaniomba nikiulizwa huko njiani niseme ni kazi ya gereji yake.

"Nitasema yote uliyofanya," nikamjibu, nikafunga boneti. Akacheka. Alidhani ni utani. Sijarudi tena mitaa ile ya Eastlands, na sina hamu.

Mama aliongea hadi tukapita mji wa Salama, akimsengenya jirani wa ghorofa ya tatu. Tulipofika Kibwezi akageukia dirisha. Mvua ilikuwa imekwisha, na kando ya barabara mahindi ya watu yalikuwa yamefika kiunoni.

"Wenzangu wameshapalilia," alisema.

Nikakanyaga mafuta.