Chakula cha Watu wa Membley

Mwongozo wa taifa wa ulaji bora kwa watoto na vijana ulipofika shuleni kwetu Mwiki, mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniwekea nakala mkononi. "Hii ni yako," akasema. Nafundisha Kilimo na Lishe gredi ya nane, na nilitoka mle nikitembea kama mtu aliyepewa shamba. Mambo niliyokuwa nikiyahubiri peke yangu miaka yote sasa yalikuwa na muhuri wa serikali: mtoto asitoke nyumbani bila kunywa chai na kitu cha kushiba, mboga na matunda visikosekane, maji badala ya soda, na vya kukaangwa visiwe chakula cha kila siku.

Siku ya somo nilibandika ukutani picha ya sahani niliyoitoa mtandaoni. Ilikuwa na samaki wa kuoka, brokoli na vipande vya tufaha. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akacheka kabla sijafungua mdomo.

"Madam, hiyo ni chakula ya watu wa Membley."

Darasa likalipuka. Walijua fika kwamba mimi naishi Membley, mtaa wa wenye pesa.

Sikukasirika. Nimezaliwa Ngoliba, kwenye jua kali, nikalelewa kwa kunde, ndengu na maembe ya shambani kwetu, na nilikua vizuri tu. Niliyotaka kusema nilikuwa na uhakika nayo. Picha tu ndiyo iliyokuwa ya watu wengine. Niliibandua pale pale.

"Sawa," nikamwambia. "Kipindi kijacho tunaenda soko. Wewe ndiye utatuchagulia."

Alituongoza kweli. Alipita kwenye meza za soko la Ruiru akibonyeza, akinusa, akibishana na akina mama wauzaji kama mtu mzima. Alichukua mboga ya terere, samaki wadogo wa omena, viazi vitamu na ndizi zilizoiva. Wavulana walishika pua kwa sababu ya omena. Yeye aliwaambia wangoje. Tulipika jikoni mwa shule, omena akaikausha vizuri kabla ya kuweka nyanya na dania, na wale walioshika pua ndio waliokwangua sufuria.

"Nani amekufunza kununua hivyo?" nikamuuliza.

"Mathe. Si ndiye huuza smokie hapo kwa gate?"

Nilimjua. Kila siku saa nne, wakati wa mapumziko, wanafunzi walijazana kwenye toroli lake wakitaka smokie, zile soseji za moshi, na juisi za pakiti. Nilikuwa nikimpita kila asubuhi tukisalimiana, bila kujua kwamba binti yake yuko darasani kwangu.

Wiki iliyofuata mama huyo aliingia chumba cha walimu bila kubisha, aproni bado kiunoni.

"Wewe ndiye mwalimu wa lishe?"

"Ni mimi, mama. Karibu kiti."

"Sikai. Msichana wangu amekataa smokie yangu mbele ya macustomer. Ati si ya kula kila siku. Unajua ni hiyo smokie inamsomesha?"

Walimu wenzangu wakainamia vitabu vyao. Nilisimama, maana si adabu kumjibu mtu aliyesimama ukiwa umeketi.

"Mama, sitaki uache kuuza. Na alichosema ni kweli, ni mimi nimemfunza. Lakini hawa watoto hununua kile wanachokiona. Weka viazi vitamu na ndizi kando ya smokie."

"Na zikibaki?"

"Zikibaki nitazileta hapa, walimu hawa wote wazile."

Aliwatazama wale wenzangu walioinama, kisha akanitazama. Midomo ikaanza kumcheza, akacheka kwa sauti. "Ati hawa! Haya basi. Nitajaribu, lakini nikipata hasara utanisikia."

Jumatatu alikuja na sufuria iliyofunikwa kwa kitambaa, mvuke ukitoka pembeni. Watoto walipita wakienda moja kwa moja kwa smokie. Nilikuwa dirishani nikiwahesabu. Kisha binti yake akatoka, akapanga foleni kama mwingine yeyote, akachukua kiazi, akakimenya akila polepole.

"Kujeni muonje!" akawaita wenzake. "Ni tamu kuliko zile tulipika na Madam!"

Wakaja. Kufikia kengele sufuria ilikuwa tupu, na sikuhitaji kubeba chochote.

Mama yake hakuacha kuuza smokie, wala sikumwomba aache. Juisi za pakiti alizitoa mwenyewe, akisema zinamjazia takataka tu. Muhula uliofuata wazazi waliitwa kujadili chakula cha mchana cha shule, na mzazi mmoja akasema githeri kavu ya mahindi na maharagwe inatosha, watoto wa siku hizi hata hawapendi mboga. Mama wa smokie akainuka kutoka safu ya nyuma.

"Watoto wa nani?" akauliza. "Mimi nawauzia kila siku, najua wanakula nini. Wekeni mboga, na ipikwe vizuri."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeandaa hotuba nzima. Niliikunja nikaitia kwa mkoba, nikapiga makofi pamoja nao.