Saa ya Mjomba Isiyo na Mishale

Nyumbani kwetu Kibuli kulikuwa na vyama viwili, na hii ni nchi isiyoruhusu hata kimoja. Chama cha Saa ya Zamani mwenyekiti wake alikuwa Baba, na mwanachama wake wa pekee alikuwa Baba. Chama cha Saa Mpya kilikuwa na sisi wengine wote, na mimi ndiye niliyekuwa mpiga kelele mkuu, bila kuchaguliwa na mtu.

Baba ni dereva. Tajiri wake wa zamani, Mhindi aliyekuwa na kiwanda cha sabuni, alipofukuzwa nchini pamoja na wenzake, aliivua saa yake wakiwa bado ndani ya gari njiani kwenda uwanja wa ndege, akamfunga Baba mkononi. Alisema afadhali aichukue mtu anayemjua kuliko askari asiyemjua. Ni saa ya Uswisi, ya dhahabu, nyembamba kama biskuti, na kioo chake kina mkwaruzo mmoja ambao Baba anausimulia kama kovu la vita. Kila alfajiri akishasali huitia ufunguo polepole, macho juu, kama mgonjwa anayengoja daktari aseme neno.

Akienda mjini haivai kifundoni. Huipandisha juu ya kiwiko, ndani ya mkono wa shati, maana kwenye vizuizi vya barabarani saa nzuri haina desturi ya kuvuka pamoja na mwenyewe. Ukimuuliza saa ngapi mkiwa soko la Nakasero, itabidi usubiri avue nusu ya shati. Mimi nilikuwa namuuliza kwa makusudi, mara mbili kabla hatujafika kwenye nyanya.

Halafu Mjomba akaja na yake.

Mjomba ni kaka yake Mama, mwanajeshi. Cheo chake sikitaji kwa sababu hupanda kila anapokisimulia. Huja na miwani myeusi, na sukari, na kitu fulani kilichovimba chini ya koti ambacho sote tumekubaliana kutokukiona. Sukari tunaiona vizuri sana. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika na wingu la mvua limeziba dirisha, sebule giza tupu. Mjomba akaketi, akanyoosha mkono. Kifundoni palikuwa na kipande cha dhahabu kizito, na katikati kioo cheusi tii. Hakuna namba, hakuna mshale, hakuna chochote.

"Imevunjika?" Mama akauliza kwa huruma.

Mjomba akacheka, akabonyeza kitufe. Namba zikawaka, nyekundu, kama makaa yaliyopulizwa! Nikapiga ukelele. Dada yangu akapiga ukelele. Shangazi, anayeishi nasi tangu amfukuze mumewe, akasema "Bismillahi" na kurudi nyuma. Halafu namba zikazimika zenyewe, na sote tukasema kwa pamoja, "Bonyeza tena!"

Mjomba akatuambia ni kampuni ileile iliyotengeneza saa ya Baba. Yaani ndugu, mama mmoja baba mmoja, ila wa kwanza kazaliwa enzi za taa ya mafuta na wa pili kazaliwa juzi. Alisema bei yake ni gari. Sikuuliza gari la nani.

Shangazi akajikaza, akasogea kuisoma, akashindwa. Sisi saa tunaisoma kwa kuruka: mshale mfupi ukisimama kwenye mbili, jicho linavuka duara hadi upande wa pili, linatua kwenye nane, mdomo unasema saa nane. Tumezoea hivyo tangu tumboni. Sasa hapa hakuna duara. Shangazi akaugeuza mkono wa Mjomba juu chini, akitafuta upande wa pili wa saa kama anayekagua samaki.

"Hapana sumbuka, dada," Mjomba akasema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Hii saa hakuna upande ya pili. Mimi nilisharekebisha. Ikisema nane, iko nane."

Wallahi nilitaka kulia kwa furaha. Saa inayojua Kiswahili!

Baba alikuwa kwenye kiti chake, akifuta kioo cha saa yake kwa pindo la shati. Kisha akasema, "Saa isiyokwambia kitu mpaka ubonyeze ni kama karani wa ofisini."

Kicheko kilianza, kikakwama. Tukamtazama Mjomba. Mjomba akacheka, ndipo nasi tukaendelea.

Kuanzia hapo niligeuka mhubiri. Shuleni nilitoa hotuba mpaka mwalimu wa hesabu akanitoa nje, nikaendelea dirishani. Nyumbani nilimwandama Baba. "Hiyo yako lazima iamshwe kila asubuhi, Baba, kama mzee hospitalini."

"Na wewe nisipokuamsha, huamka?"

"Mimi si wa dhahabu."

"Afadhali umesema mwenyewe."

Tungeendelea hivyo hadi kiyama kama Dada asingechumbiwa.

Dada alikuwa amempenda kijana wa Kyebando, mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba kiasi kwamba akisimama ubavu unadhani ameondoka. Baba na Mama walimridhia. Mjomba hakuridhia. Yeye alikuwa na rafiki yake, mmoja wa hao tunaowaita mafuta mingi, waliogawiwa maduka ya Wahindi. Yule bwana aliuza stoo nzima ya viatu vya kushoto kabla hajagundua kuwa vya kulia viko kwenye makasha mengine. Alikuwa na wake wawili na alitaka Dada awe wa tatu.

Mjomba hakuweza kumkatalia Baba usoni. Lakini kwetu, siku ya posa, mwenye lango ni mjomba wa binti. Yeye ndiye anayefungua. Na mgeni akishavuka kizingiti, akaketi mkekani na kunywa maji ya nyumba, hafukuzwi tena na yeyote. Posa yake lazima isikilizwe. Kwa hiyo Mjomba akaamua kuimalizia kazi palepale langoni.

"Waje saa nane," akatangaza. "Saa yangu ikipita nane, hata kidogo, narudisha wao Kyebando. Na wiki ijayo nitaleta watu yangu."

Hakuna aliyebisha. Petroli haipatikani ila kwa magendo, njiani vizuizi, na toka Kyebando hadi Kibuli ni kuvuka mji mzima. Mjomba alijua. Dada akaenda jikoni akalia. Alisema ni vitunguu, ila alikuwa anaosha mchele.

Siku ilipofika hapakuwa na wingu hata la kuazima. Jua lilikuwa linapiga bati mpaka bati linalia. Mjomba alisimama langoni na suti mpya, miwani myeusi, mkono wa kushoto kaushika mbele kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa. Sisi wanawake wadogo tulitakiwa tukae ndani. Mimi nilikuwa juu ya pipa la maji ndani ya ua, kando ya lango, na Dada chini yangu ananivuta gauni: "Wanakuja? Unaona nini? Sema basi!"

Nikaona. Chini ya kilima kulikuwa na gari, na gari lilikuwa linakuja, ila lilikuwa linasukumwa! Wanaume waliovaa kanzu na makoti, wameinama, wanasukuma mlima wa Kibuli, na bwana harusi mtarajiwa katikati yao, miguu inateleza. Nyuma yao akina mama waliovaa magauni ya gomesi, vikapu kichwani, wanaimba na kuhema kwa zamu.

"Wanakuja!" nikasema. "Gari limekufa lakini wao wazima!"

Walifika langoni wamelowa jasho. Mjomba akainua mkono wa kulia. "Simama hapo hapo." Wakasimama. Akanyanyua saa, akabonyeza.

Mimi nilikuwa juu yake kabisa, naona kifundo chake vizuri. Na sikuona kitu. Kioo kilibaki cheusi. Akabonyeza tena. Akavua miwani. Akaziba kwa kiganja, akachungulia kati ya vidole kwa jicho moja, kama anayechungulia tundu la ufunguo. Ndipo nikaelewa: zile namba nzuri zilikuwa za gizani tu. Jua lilikuwa linazimeza.

"Imepita," Mjomba akasema. "Mmechelewa. Rudini."

Chini yangu Dada akaachia gauni langu.

Msemaji wao, mzee mwenye ndevu nyeupe, akainama, akasema kwa lafudhi ya kwao. "Afande, baba yetu, tunaomba luhusa. Hiyo saa tumesikia habali zake mpaka Kyebando. Kama tumechelewa tunaludi. Lakini tuone na sisi kwa macho."

Basi niwaambie jambo. Mtu aliyenunua saa ya bei ya gari anaweza kukunyima chakula, anaweza kukunyima njia, lakini hawezi kukunyima kuitazama. Mjomba akanyoosha mkono. Mzee akatazama. Akatazama kwa upande mwingine.

"Mimi sioni kitu," akasema kwa adabu kubwa.

"Imekufa?" sauti ya mwanamke ikauliza kutoka nyuma ya vikapu. "Jamani, saa ya afande imekufa?"

"Haijakufa!" Mjomba akafoka. "Ni jua!"

Baba akajitokeza mlangoni, akakunja mkono wa kanzu. "Yangu inasema bado."

"Hiyo ya zamani, shemeji! Hiyo inachelewa tangu wakati wa Mwingereza."

Baba akaushusha mkono wa kanzu, kwa sababu ni kweli huwa inachelewa, na kila adhana ya adhuhuri anairekebisha kwa siri akidhani hatumwoni. Hapo nikaona mambo yanaharibika. Wageni wameanza kutazamana, gari limeshawekewa jiwe lisirudi nyuma, na Mjomba amelishika komeo. Saa ya Baba ilikuwa upande wetu, na haikuwa na sauti hata chembe.

Mdomo wangu ukafunguka kabla sijaupa ruhusa. "Mjomba! Waonyeshe gizani! Waaibike!"

Akatazama juu. "Wewe toto unafanya nini kwa pipa?"

"Kule sebuleni, Mjomba! Tufunge madirisha, tushushe mapazia, itawaka kama siku ile. Waone wenyewe walivyochelewa. La sivyo watakwenda Kyebando wanasema saa ya afande imekufa."

Uso wa Mjomba uliwaka wenyewe, bila kubonyezwa. Akaachia komeo. "Njooni!" akaamrisha. "Wote! Hata wewe mama uliyesema imekufa, wewe kaa mbele!"

Akatangulia, mkono juu kama mwenye mwenge, na ukoo mzima wa Kyebando ukamfuata: kanzu, gomesi, vikapu, bwana harusi mwembamba, wakavuka lango, wakavuka ua, wakavuka kizingiti. Nilishuka kwenye pipa nikakimbia kwa mlango wa nyuma, nikafunga madirisha. Shangazi ana akili za haraka, ndiyo maana hakukaa na mume. Akasema kwa sauti laini, "Viatu jamani, mkeka mpya. Wa mbele kaeni, wa nyuma nao waone." Wakakaa. Na gilasi za maji zikaanza kupita gizani, mkono kwa mkono.

Mjomba akabonyeza.

"Aaaa!" Nyumba ilitikisika. Hawakuigiza, wallahi, walishangaa kama tulivyoshangaa sisi. Ile nane nyekundu ikaning'inia gizani na dakika zake kadhaa nyuma yake. "Mmeona?" Mjomba alikuwa anapiga kelele za furaha. "Mmeona? Imepita!"

"Imepita kabisa," mzee akakubali. "Tumechelewa, na saa hii haidanganyi. Bonyeza tena, afande, bibi hapa hajaona."

Akabonyeza. Akambonyezea bibi, akawabonyezea watoto, akambonyezea hata bwana harusi. Kisha akageuka kuelekea mlangoni, na pale, kwenye mstari mwembamba wa mwanga, akaona viatu. Jozi kwa jozi, vimepangwa. Akamwona mzee ameketi mkekani, miguu amekunja, gilasi ya maji imebaki nusu.

Namba zikazimika. Hakuna aliyesema "bonyeza tena." Nilimwona Mjomba kama kivuli tu, amesimama, mkono wa kulia umeenda kwenye koti, upande ule uliovimba. Mama akaita, "Kaka yangu," taratibu, basi.

Bibi yake bwana harusi akasogea mbele ya mkeka. "Mwanangu," akasema, "mimi nimezeeka, na saa kama hii sikudhani nitaiona kabla sijazikwa. Kumbe nimeiona nyumbani kwa wakwe zangu. Nikirudi Kyebando nitamwambia nani, na nani ataniamini?"

Mjomba akavuta pumzi. Mkono ukatoka kwenye koti, mtupu, ukapapasa kitambaa cha jasho.

"Fungueni madirisha," akasema. "Posa gani inasemwa gizani? Mzee, sema maneno yako."

Nyuma ya pazia Dada akapiga vigelegele kabla hajaombwa, jambo la aibu kubwa kwa binti anayeposwa, na akina mama wa Kyebando wakamdakia, na mimi nikawashinda wote kwa sauti.

Mjomba alinipitia karibu wakati wa pilau, akanishika sikio. "Wewe toto iko akili mbaya."

"Nimerithi kwa upande wa mama, Mjomba."

Akalivuta kidogo zaidi, akaliachia, akaniongezea nyama.

Baba naye akaniuliza kama sasa nimehamia chama chake, kwa vile saa yake ndiyo iliyowatetea wageni. Nikamwambia sihami. "Yako ilisema bado, Baba, na hakuna aliyeisikiliza. Ya Mjomba ilisema wamechelewa, nao wakaingia. Wewe ungechagua ipi?"

Baadaye nilipokwenda kukusanya sahani nikamkuta yeye na Mjomba pembeni, saa ile mpya iko kifundoni kwa Baba, juu ya ile ya zamani, na Baba kaiingiza chini ya kanzu yake ili apate giza. Alibonyeza. Akachungulia ndani ya kola. "Lo," akasema peke yake, akabonyeza tena.