Siku Jina la Baba Lilipotajwa Mnadani

Sisi tuliokuwa shule ya msingi Uhuru ulipokuja tulikuwa na ugonjwa ambao vijana wa leo hawaujui: kukusanya sahihi. Hapa kwetu Bongwe, msichana akipata daftari la ziada hakuandika hesabu humo. Alilifunika kwa karatasi ya kaki, akalipamba jina lake kwa herufi za madaha, kisha akaanza kuwawinda wakubwa. Mama alikuwa akinionya kila siku, "Muamkie mtu kwanza. Usimrushie daftari kama unayemwagia kuku mtama."

Basi niliwaamkia wengi. Nilikuwa na sahihi ya muuguzi wa Msambweni, iliyofanana na mdudu aliyetumbukia kwenye wino akatambaa. Nilikuwa na ya golikipa aliyezuia penalti mbili siku moja. Nilikuwa na ya ofisa wetu wa serikali wa kwanza Mwafrika, ambaye kabla ya kuniandikia alinisimamisha juani nimsomee jedwali la kuzidisha la saba. Wakati wa mapumziko, baada ya kucheza mdako, tulikaa barazani na mihogo yetu ya kuchoma na kubadilishana: golikipa mmoja kwa walimu wawili. Walimu walikuwa rahisi, maskini.

Sahihi moja tu sikuwahi kuiomba: ya baba yangu.

Baba, Bakari Omari, alikuwa mpishi wa bibi mmoja wa Kizungu huko Diani. Alikuwa na kisa chake kimoja, na alikisimulia vilevile kila mara. Siku moja alikuja mgeni mkubwa wa serikali, akala samaki wa kupaka mpaka akalamba vidole, akauliza nani kapika. Baba akaitwa kutoka jikoni, mikono ingali inanukia nazi. Mgeni akamwambia atie sahihi kwenye kitabu cha wageni, chini ya sahihi yake mwenyewe. Na Baba, aliyekuwa amemaliza kisomo cha watu wazima mwaka uleule, akatia.

Mjomba Mwinyi, kaka yake Mama, alikuwa akicheka hadi machozi. "Shemeji, kitabu cha magavana, wewe uingie na mwiko wako?" Watu wakacheka naye. Baba aliendelea kula. Nami nilipokisimulia kisa kile shuleni, niliitwa mwongo na darasa zima. Nililia njia nzima, na tangu siku ile nikaanza kumshuku baba yangu. Naona haya kulisema hilo hata leo.

Uhuru ulipokwisha kutulia, yule bibi alifungasha akarudi kwao, na vitu vyake vikatangazwa kunadiwa. Baba alikataa kwenda. "Vyombo vile nimevifuta mimi miaka yote," alisema. "Sitaki kuviona vikigombaniwa." Mama akajifunga leso, akanishika bega. "Mimi na Mwanasiti tutakwenda," akasema. "Na kaka yangu Mwinyi atakwenda, atake asitake."

Ua wa nyumba ile ulijaa watu. Dalali alitoka Mombasa, mtu mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Vikaenda vitanda, vikaenda sahani, ikaenda gramafoni. Kisha zikaletwa picha na barua zenye sahihi za wakubwa, na mzee mmoja wa mjini, mwenye miwani mizito, akawa anazichukua zote moja baada ya nyingine. Sikujua kuwa mtu mzima naye aweza kuwa na ugonjwa wetu! Mwisho kikainuliwa kitabu kikubwa cha jalada jekundu.

"Kitabu cha wageni!" dalali akanadi. "Magavana wamo, mawaziri wamo!"

Mzee wa miwani akataja bei. Mama akapandisha. Watu wakageuka. Mzee akapandisha, Mama naye akapandisha tena, mpaka dalali akacheka.

"Mama, kitabu hiki wakitakia nini? Wewe wasoma?"

"Sisomi," Mama akajibu. "Ndiyo maana nataka kusomewa. Kabla hujagonga nyundo yako, tafadhali, mtafute humo Bakari Omari."

Dalali akapekua huku akitabasamu. Akapekua tena. Tabasamu likamtoka. Akasoma jina la yule mgeni mkubwa, kisha akashusha kidole mstari mmoja, akasoma kwa sauti ileile ya mnada: "Bakari Omari. Mpishi."

Mjomba akapenya watu mpaka mbele, akainama juu ya ukurasa. "Ni mwandiko wake," akasema polepole. "Hii B yenye kitambi ni yake." Kisha akawageukia watu, kifua mbele: "Huyu ni shemeji yangu!"

Bei ilipopanda tena, Mama alitikisa kichwa. "Mwache achukue. Nimekwisha kusikia."

Kitabu kikaenda kwa mzee wa miwani. Lakini alitufuata mpaka kwenye lango, akamwuliza Mama, "Huyo mpishi yu hai?"

"Yu hai. Yuko nyumbani apalilia mihogo."

Alasiri ile akaja kwetu kwa gari lake, akampa Baba mkono, akaketi mkekani, akaandika kisa chote ili kikae pamoja na kitabu. Baba hakuongeza hata chembe ya chumvi. Mjomba aliitikia kila neno kana kwamba naye alikuwa jikoni.

Mzee wa miwani alipoondoka nilimletea Baba daftari langu. "Baba, naomba sahihi yako."

Alinitazama. "Leo ndiyo umeniamini?"

Nikamfungulia ukurasa mtupu. Akanawa mikono, akaketi, akaandika taratibu huku ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, kisha akaupuliza wino ukauke.

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka Ukunda akirukaruka. Amepiga picha na mchezaji maarufu! Akanionyesha kwenye simu, meno yote nje. Nikamwuliza, "Alikwambia nini?"

"Hakuniambia kitu, bibi. Hata hakunitazama."

Enzi zetu, ili mtu akutilie sahihi, ilimbidi asimame, ashike kalamu, aulize jina lako nani na wewe ni mtoto wa nani. Nilimhurumia mjukuu wangu. Kisha nikamhurumia na yule mchezaji, asiyejua alisimama na mtoto wa nani.