Nilimpofusha Papa Mkubwa kwa Ajili ya Kodi

Ko! Ko! Ko! Niliisikia fimbo ikigonga saruji kabla sijamwona aliyeishika. Kosa ni langu, jamani, langu peke yangu!

Papa Mkubwa, kaka wa baba yangu, alizeekea Amerika, akapata uraia wa huko. Hata sasa akiwa amerudi hapa Kalemie, kila mwaka anawatangazia watoza kodi wa huko mapato yake. Mimi ndiye msomaji wake wa Kiingereza. Msomaji gani!

Nilisoma juu juu kwamba kuna sehemu ya mapato isiyotozwa kodi, na kwamba wazee na vipofu huongezewa. Nikamwambia: "Papa, uzee peke yake hautoshi. Lazima uwe kipofu pia."

"Lakini miye naona mpaka Kigoma, ng'ambo ya ziwa!"

"Basi acha kuona. Amerika ina wapelelezi kila mahali."

Nikamnunulia miwani nyeusi na fimbo. Nikamfundisha kujigonga mlangoni.

Na Jumapili hiyo, ole wangu, sebuleni alikuwa ameketi Mama Odile, mjane ambaye Papa alikuwa amemposa, aliyekuja kutoa jibu lake. Papa akatokea chumbani na fimbo, akajigonga vizuri sana.

"Maskini!" Mama Odile akamshika mkono. "Miye nitakuwa macho yako."

Amekubali! Nililia kwa furaha, nikapakua chakula.

Tukiwa tunakula, Mama Odile, akidhani haonekani, akahamisha taratibu kichwa cha samaki kuhe kutoka sahani ya Papa hadi yake.

"Rudisha kichwa yangu!" Papa akafoka.

Mama Odile akaichungulia miwani.

"Papa, unaona?"

"Hapana, Mama. Nimesikia harufu inaondoka."

Mama Odile akamtolea ulimi kumjaribu. Papa, mzee wangu mjinga, akacheka.

Nikakiri kwamba ni mpango wa kodi, nikakimbilia simu nimsomee Mama Odile sheria yenyewe, aone kwamba hatukuwa na njia nyingine. Mungu wangu! Ukifikisha miaka sitini na mitano, umri peke yake unatosha. Upofu ni nyongeza nyingine, tena usipokuwa kamili unataka cheti cha daktari. Na Papa ana sabini na kitu!

"Kumbe nilijigonga bure?" Papa akashika paji la uso.

Ndugu zangu, someni mpaka mwisho kabla ya kumpofusha mtu!

Mama Odile alijifunga kitenge upya. "Miye niliiba kichwa ya samaki tu. Weye umeiba huruma yangu."

Akabeba sahani, na kichwa ndani yake, akatoka. Mlango ukafungwa nyuma yake, pa!