Ngumi Nilizozifasiri Vibaya

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa maikrofoni na kiti cha mbao kando ya televisheni. Mwenye ukumbi wa filamu, tuliyemwita Patroni, aliniambia jambo moja tu: "Mutu akitoka hapa bila kuelewa filamu, kosa ni yako."

Hapo ni mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kazi ilikuwa kufasiri: waigizaji wanasema Kifaransa, mimi naweka Kiswahili juu yao, bwana, bibi na polisi wote kwa sauti yangu moja. Tulionyesha mchana tu, maana jioni watu walikatazwa kutoka nje.

Mapenzi na wizi havikunisumbua. Kilichonishinda ni filamu ya bondia mmoja, muosha vyombo wa hotelini aliyekuwa akipigwa kila pambano na bado anarudi. Mwalimu wake alipompaka kitu usoni, nikabuni: "Anampaka dawa ya usingizi, asisikie maumivu."

Mtu wa nyuma akasimama. "Apana, we mufasiri! Ile ni mafuta, ngozi isichanike!"

Ukumbi mzima ulicheka. Patroni hakucheka. "Jumamosi tunairudia," alisema. "Kama bado hujui ngumi, usikuje."

Nikamtafuta yule mtu. Aliitwa Salumu, fundi wa magari, zamani bondia. Nilimsumbua kwa maswali siku tatu. Kwa nini kidevu kinainamishwa? Kwa nini wanapumua kwa kelele wakipiga? Alijibu yote akiwa chini ya gari, miguu tu ikionekana. Mwishowe nikauliza, "Na we mbona uliacha?"

Akatoka chini ya gari, akafuta mikono.

"Sikuacha. Nilikosa mutu wa kupigana naye. Tulifanya mazoezi na Deo wa Kanyosha miaka saba. Vita ikafunga njia, wao huko, sisi huku. Sijui kama yuko hai. Na kama yuko hai, sijui sasa ananionaje."

Swali lile lilinikaa kichwani. Mama mmoja muuza mboga alikuwa bado anathubutu kutoka Kanyosha hadi sokoni kwetu. Nikamwomba amuulizie Deo, na akimpata amwambie kwamba Jumamosi Salumu atafasiri filamu ya ngumi. Salumu sikumwambia kitu.

Jumamosi nilimkalisha kando yangu, nikampa maikrofoni wakati wa mapambano. Bondia wa filamu alikuwa ameegemea kamba, anapigwa, sauti ikatoka mlangoni: "Mwambie ainue mukono wa kushoto! Hata we ulikuwa unausahau!"

Alikuwa mwanamume mrefu, anatembelea gongo. Salumu aliweka maikrofoni chini. Filamu ikaendelea kwa Kifaransa kitupu, na hakuna aliyelalamika, hata Patroni.

"Mguu umefanya nini?" Salumu aliuliza.

"Nipishe nikae kwanza," Deo akasema. "Nimekuja na miguu kutoka Kanyosha."

Waliendelea kukutana gereji kila wiki. Deo alikaa kwenye kiti, ameinua viganja, Salumu anavipiga.

Sasa nimestaafu, filamu zinakuja zimeshafasiriwa, na vijana huniuliza kazi ile ilikuwa na faida gani. Huwasimulia mchana ule wa Jumamosi ukumbini. Wale wawili waliinamiana kwenye benchi, wakasemezana kwa Kirundi, chini chini. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwao na nilitamani sana kusikia. Nikachukua maikrofoni, nikapaza sauti hadi maneno yao yasisikike, nikaanza tena kufasiri.