Mkono Ndani ya Rasmus

Kabla ya kuwa roboti, Rasmus alikuwa ndoo ya maziwa. Ilikuwa ndoo ya baba yake Arlys Kittelson, iliyobaki bandani baada ya ng'ombe kuuzwa na mzee kuhamia mjini ili afe karibu na hospitali. Arlys aliigeuza juu chini, akaitoboa matundu mawili, akapachika taa za nyuma za trekta ziwe macho. Taya alilitengeneza kwa chuma cha mama yake cha kuokea kaki za Krismasi: sahani mbili zenye bawaba, zilizochongwa maua kwa ndani, hivyo kila Rasmus alipofungua kinywa kucheka watazamaji waliona maua. Shingo ilikuwa bomba la mashine ya kufyonza vumbi. Mkono ulikuwa mmoja tu, wa kulia, kwa sababu anayemchezesha ana mikono miwili tu, na mmoja wake umo tayari kichwani mwa Rasmus.

Kituo chetu cha televisheni kilikuwa jengo la matofali nyuma ya kinu cha ngano, kaskazini mwa Minnesota, ambako kuanzia Novemba gari likiegeshwa huchomekwa waya wa umeme ukutani ili injini isigande. Jumamosi jioni, baada ya habari za uvuvi wa kwenye barafu, tulirusha vichekesho vyetu. Kisa kilikuwa hiki: ghala la nafaka limefyatuka kwa bahati mbaya hadi angani, na ndani yake wamo mlinzi wa ghala na roboti wa kukamua asiye na ng'ombe. Mlinzi alikuwa Duane Overby, ambaye siku nyingine zote alisoma utabiri wa hali ya hewa. Roboti alikuwa Rasmus. Mimi nilikuwa fundi wa sauti.

"Rasmus, unaona nini huko nje?" Duane angeuliza, akichungulia dirisha la mbao.

"Giza."

"Na upande ule?"

"Giza la jirani. Limenenepa tangu Krismasi."

Rasmus alisema mambo ambayo hakuna mtu mjini kwetu angethubutu kuyasema. Alimwambia mlinzi kwamba supu yake ni mbaya. Alimwambia mgeni kutoka sayari nyingine aende kwao, muda umekwisha. Watu walikaa sebuleni wakiwa na sahani mapajani wakacheka kwa namna ya watu waliofunguliwa kifungo cha suruali.

Na chini ya meza, chali sakafuni, mkono wa kushoto umenyooka juu hadi ndani ya ndoo, alilala mwanamke ambaye hakuwahi kumwambia mtu yeyote aende kwao. Miaka ishirini na miwili Arlys alifanya kazi katika chumba cha filamu, akikata na kuunganisha mikanda. Alikuwa mrefu, wa miaka hamsini na mmoja, mwenye nywele ndefu za kijivu alizozisuka mkia mmoja. Kikibaki kipande kimoja cha keki kwenye sahani ya ofisi, alikikata nusu akaacha nusu. Kesho yake angekata nusu ya ile nusu.

Arlys alimtengeneza Rasmus kwa ombi la Duane tu. Wa kumchezesha alikuwa mtu mwingine, ila mtu huyo aliteguka mgongo akisukuma theluji siku mbili kabla ya kurekodi. Arlys akasema, "Nitamshika mimi, mpaka mumpate mtu." Miaka minne ikapita. Hatukumtafuta mtu, naye hakutukumbusha. Kipaza sauti nilimfunga kwenye paji la uso kwa mkanda wa kitambaa, kwa hiyo mimi peke yangu, kwenye hedifoni zangu, nilisikia pumzi yake kabla ya kila neno la Rasmus. Ilikuwa pumzi ya mtu anayefika kwake baada ya safari ndefu, anayesimama kidogo mlangoni.

Februari mwaka ule alikuja Renata Solano kutoka New York. Stesheni kubwa ya huko ilikuwa imenunua vichekesho vyetu. Vipindi kumi na vitatu vingerekodiwa Minneapolis, kwenye studio yenye joto. Tulikaa naye chumba cha chai, yeye akipanga karatasi zake, Duane akimimina kahawa.

"Kahawa, Arlys?"

"Aa, usijisumbue."

"Imeshachemka, mama."

"Wanywe kwanza wageni."

"Arlys, shika kikombe."

"Haya, nusu tu basi."

Duane akajaza mpaka juu, Arlys akapokea. Ndivyo tunavyopeana kahawa. Ndivyo tunavyopeana kila kitu.

Renata akainua macho kutoka kwenye karatasi. "Bi Kittelson, tungependa uendelee kuwa Rasmus. Utakuja nasi?"

Wekundu ulimpanda Arlys shingoni. "Ah, huko mtapata aliye bora. Mimi nilishika tu mpaka apatikane mtu."

"Una uhakika? Ni kazi ya kudumu."

"Ni mwendo mrefu hadi Minneapolis. Na nina paka. Nisije nikawasumbua."

Akaweka kikombe chini, akapanga mikono mapajani, akangoja. Mimi na Duane tuliacha kunywa. Sote tulijua zamu inayofuata ni ya nani. Renata aliitikia kwa kichwa taratibu, kwa heshima ya kweli, akaandika kitu kwenye karatasi.

"Nimekuelewa," alisema. "Na nakushukuru kwa kusema wazi. Kwetu watu huzunguka mno."

Akampa mkono. Arlys akaupokea.

Kwenye ujia Duane alimshika kiwiko. "Mbona hukumwambia?"

"Nilimwambia."

"Ulimwambia hapana, Arlys."

"Mara mbili tu."

Mtu wa mahali pengine angepiga simu siku ileile. Lakini kupiga simu ni kuomba, na kuomba ulichokwisha kukikataa ni kumwambia mtu kwamba hakukuuliza vizuri. Hatukuweza kumfanyia hilo Renata, aliyekuwa mpole. Duane alimwandikia barua. Alinisomea: kurasa mbili za habari za theluji, na mwishoni sentensi moja kwamba Arlys yupo, hana shughuli kubwa. Renata alijibu akimshukuru kwa habari za theluji.

Machi akaja Garrett Pruitt, kijana wa Atlanta aliyesomea kuchezesha vikaragosi, mwenye koti jembamba na adabu nyingi. Arlys aliombwa amfundishe, na akakubali mara ya kwanza alipoombwa. Kusaidia hakuhitaji kubembelezwa.

Alimlaza sakafuni, akamwonyesha skrini ndogo ya kutazama akiwa chali, akamwekea taulo chini ya bega. "Ni mzito," alimwambia. "Usipambane naye. Uzito wake ndio unaomfanya awe na hasira."

"Namfungua mdomo kwa kila neno?"

"Hapana, mwanangu. Mwache aseme nusu ameuma meno. Mfungue akimaliza, kama mtu anayeona kashasema sana."

Garrett akajaribu. Chuma kikagonga. Akajaribu tena. "Naomba kuuliza," alisema kutoka chini ya meza. "Ni nini hasa kinachomsukuma, huyu Rasmus?"

Arlys alifikiri. "Hana ng'ombe," alisema.

Wiki mbili alimfundisha, na jambo baya ni kwamba Garrett alikuwa hodari. Kufikia Ijumaa ya pili sauti yake ilikuwa karibu. Kwenye hedifoni nilisikia maneno yaleyale, mkwaruzo uleule, ila kabla ya maneno hapakuwa na kitu. Alianza tu, kama mtu anayewasha taa. Arlys alisimama kando ya kamera akitazama ndoo ya baba yake ikitikisika na mkono wa mtu mwingine, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeinuka kidogo kutoka ubavuni, bila yeye kujua.

Renata alikuja kutazama jaribio, akapiga makofi. Kisha akamletea Arlys karatasi moja.

"Sahihi tu hapa chini. Wanasheria wanataka ijulikane kwamba kikaragosi ni chetu."

Arlys aliisoma mpaka mwisho. Akairudisha.

"Hapana," alisema.

Tulingoja yanayofuata. Kwetu neno hilo halitembei peke yake. Nyuma yake huja usijali, huja labda, huja kama haiwasumbui. Hakikuja kitu.

"Unahitaji muda zaidi?"

"Hapana."

"Kuna kipengele kisichokupendeza? Tunaweza kukibadilisha."

"Hapana."

Garrett alikuwa amejitoa chini ya meza, ameketi sakafuni, taulo bado begani.

"Basi nisaidie," alisema Renata. "Tatizo ni nini?"

"Namtaka mimi." Alilisema polepole sana. "Namtaka, na Februari nilimtaka. Nilikataa kwa sababu uliniuliza mara mbili tu."

Renata alimtazama, kisha akatutazama sisi. Duane alikuwa akivichunguza viatu vyake.

"Mlipaswa kuulizwa mara ngapi?"

"Tatu," Duane alijibu, bila kuinua kichwa. "Hiyo ni ya kahawa. Kwa jambo kubwa, hata nne."

"Na wewe ulijua? Ulikuwepo mezani, ukajua?"

"Nilikuandikia barua."

"Uliniandikia kuhusu theluji."

"Ukurasa wa pili mwishoni," alisema Duane. "Ilikuwemo."

Renata alikaa kwenye kiti cha mlinzi wa ghala. "Garrett ameshasaini mkataba. Siwezi kuufuta."

"Na mimi nimeshaiacha nyumba yangu Atlanta," alisema Garrett. Hakusema kwa ukali. Ilikuwa kweli tu.

Arlys aliligeukia neno hilo kana kwamba amepigwa kofi. Nilimwona akifungua kinywa, na nikajua kinachokuja: angeomba radhi, angetia sahihi, angeuliza kama kijana amepata chakula cha mchana. Kisha akafunga kinywa, akamchomoa Rasmus kwenye kiegemeo chake, akamkumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, taya la chuma likining'inia, na akaenda kuchukua koti lake.

Renata alimfuata. Alitoka kama alivyokuwa, na blauzi, kwenye baridi ya nyuzi kumi chini ya sifuri, kwa hiyo nikabeba koti lake nikawafuata wote wawili. Arlys alikuwa amemkalisha Rasmus kiti cha mbele, amemfunga mkanda. Alikuwa ameinama mbele ya gari akichomoa waya wa umeme, na waya umekakamaa kwa barafu, hautaki kukunjika.

"Ngoja," alisema Renata. Meno yalimgongana. "Mkataba wa Garrett unasema mchezesha kikaragosi. Hausemi atachezesha sehemu gani." Alikuwa akifikiri huku akitetemeka, nilimwona akifikiri. "Rasmus ana mkono mmoja."

"Wa kulia."

"Akipata wa pili?"

Arlys aliacha kuukunja waya. Hilo lilikuwa swali la kazi, na swali la kazi alilijua. "Itabidi watu wawili chini ya meza. Mmoja kichwa, mmoja mikono. Patakuwa pafinyu."

"Wewe kichwa na sauti. Yeye mikono. Bi Kittelson, utakuja?"

Nimemjua Arlys miaka mingi. Nilimwona akivuta pumzi, na nilijua maneno yaliyokuwa yakimpanda kooni, yote yale, paka na mwendo na wengine walio bora. Yalifika mpaka kwenye meno. Upepo ulisukuma theluji chini ya gari ikatokea upande wa pili.

"Ndiyo," alisema. Kisha akanitazama mimi. "Mvalishe koti huyo, atakufa."

Jioni ileile alimpelekea Garrett kwenye nyumba ya wageni sahani kubwa ya nyama ya kusaga iliyookwa na viazi juu yake, imefunikwa taulo, bado inafuka moshi. Hakumwambia samahani. Garrett alinieleza baadaye kwamba alisimama mlangoni dakika kumi akizungumzia barabara, akaondoka, na yeye hakujua la kufanya ila kula yote. Nilimwambia alifanya sawa. Hakuwa na furaha, kijana yule, si mwaka ule. Alikuja kuwa sauti akaishia kuwa mikono, na mikono haitajwi na mtu. Arlys alijua. Alimtengenezea Rasmus mkono wa kushoto mzuri kuliko wa kulia, wenye vidole vinne vya vijiko vinavyokunjika kimoja kimoja, akamkabidhi Garrett.

Tulirekodi kipindi cha kwanza Septemba, Minneapolis. Studio ilikuwa na joto kama walivyoahidi, na watu wengi wenye madaftari. Meza ilikuwa mpya lakini pafinyu vilevile. Arlys alilala chali upande wa kushoto, Garrett akajibana ubavuni mwake, mikono yake ikipita juu ya kifua cha Arlys kwenda juu. Nilivaa hedifoni. Nilisikia pumzi mbili.

"Nimekulalia?" Garrett alinong'ona.

"Hapana, hapana, niko sawa kabisa."

Taa zikawaka. Duane akachungulia dirishani, akauliza kuna nini nje leo. Nilisikia ile pumzi. Juu ya meza Rasmus aligeuka taratibu, akakunja mikono yake yote miwili kifuani.

"Mlinzi," alisema, "kuna mtu amelalia nywele zangu."

Haikuwa kwenye maandishi. Duane aliitazama ile ndoo, kuanzia ukingo hadi kitako. "Huna nywele, Rasmus."

"Nakwambia zinavutwa. Asogee."

Chini ya meza, Garrett akasogea.