Bibi Aliyezipatanisha Kompyuta

Ti-ri-riii! Sauti hiyo niliisikia kabla sijaona mtu. Na kabla hujanicheka, niamini: sikuwa nimelala wala sikuwa na homa. Haya yalinipata nikiwa macho kabisa, alasiri, kule Nunguni, mwishoni mwa miaka ya tisini.

Ofisi ya mradi wetu wa maji ilikuwa na kompyuta moja ya mezani. Mimi nilizunguka vilimani na nyingine ndogo ya mkononi, nikiingiza vipimo vya mahali pa kuchimba visima. Nikirudi, naiketisha kwenye kiti chake cha plastiki chenye waya, nabonyeza kitufe, na programu inazilinganisha: mambo ya huku yanaingia kule, ya kule yanaingia huku, hadi zote mbili ziwe na neno moja. Zikimaliza zinalia kwa furaha, ti-ri-riii!

Wiki hiyo nilikuwa Mbumbuni. Mama aliyenipa malazi, kwa wema wake, alitoa betri za mashine yangu akazianika kwenye mabati pamoja na za redio, zipate nguvu ya jua. Nani kwetu hajawahi kuanika betri? Lakini mashine ile ikikaa bila betri husahau kila kitu. Nilifika ofisini nayo ikiwa tupu. Mtambo wa kuchimba ulikuwa unaondoka kesho yake, na mahali pasipokuwa kwenye kompyuta ya mezani pangerukwa. Kina mama wa Mbumbuni wangeendelea kufukua mchanga wa mto wakitafuta maji.

Nikalaza kichwa mezani. Ndipo ikalia, ti-ri-riii!

Kuinua macho, bibi kizee amesimama kando ya kompyuta, kiondo mgongoni, ukanda wake kwenye paji la uso, meno ya mbele yamechongwa kama ya watu wa zamani. Nje ni ukungu na tope tupu. Miguu yake mikavu!

"Mume wangu, mbona umejikunja kama kuku aliyenyeshewa?"

Nilicheka, licha ya huzuni yangu. Kwetu bibi humwita hivyo mjukuu aliyepewa jina la mumewe, nami ninalo jina la babu. Ila bibi yangu alifariki kabla sijazaliwa. Huyu nilimdhani jirani mwenye utani.

"Susu," nikamwita, kama tunavyowaita bibi zetu, "mashine imesahau kazi yangu yote."

"Imesahau wapi? Hawa wawili, mashine zako, nimewaketisha pamoja. Mke katoka soko hili, mume katoka lile, wakikutana nyumbani si watapeana habari? Hebu soma, mvivu wewe!"

Nikasoma kioo cha kompyuta ya mezani. Mbumbuni yote ilikuwa pale, kisima kwa kisima!

Maji yalipotoka, kina mama walicheza hadi vitambaa vikawaanguka vichwani. Na nilipomweleza baba habari za yale meno na ule utani, alitabasamu. "Huyo ni mama yangu."

Hadi leo, mashine yoyote ikilia hivyo, nageuka kutazama nyuma yangu. Nawe sikia: bibi usiyemjua akikuita mumewe, usimsahihishe. Itika.

Aliondokaje? Nilimsihi angojee chai.

"Sikai," akasema. "Mwenye jina lako ananingoja, na ana wivu huyo!"

Akatoka akicheka, akaufunga mlango nyuma yake.